Mpole wa Barabarani

Kazi yangu ni kukaa kiti cha abiria na kutoogopa. Nimefundisha udereva miaka ishirini na tatu, na katika miaka hiyo nimegongeshwa ukutani, kwenye pipa la taka, kwenye toroli la muuza machungwa, na mara moja kwenye geti la kituo cha polisi, mchana kweupe, askari wakitutazama. Sikuwahi kupaza sauti. Mwanafunzi akikanyaga mafuta badala ya breki, mimi hukanyaga breki yangu ya pembeni taratibu, nasema, "Hakuna neno, tuanze upya," kisha nafuta jasho kwa siri. Ndiyo maana wanafunzi walinibatiza Mpole. Jina hilo nililipenda kupita kiasi. Nikilisikia dukani, nilikuwa nanunua kitu ambacho sikukipanga.

Nyumbani hakuna aliyeniita Mpole. Mke wangu, ambaye hushona mapazia katika chumba cha mbele, alikuwa akilisikia jina hilo kwa wateja wake na kucheka mpaka sindano inamdondoka. Tuna watoto wawili. Binti yetu, wa miaka ishirini, anasomea upimaji wa ardhi. Tulimwita Wakili tangu ana miaka minne, kwa sababu hakuna hukumu aliyowahi kuipokea bila kukata rufaa. Mdogo wake ana miaka kumi na sita, naye ni Balozi, maana hasemi ndiyo wala hapana. Anasema "mmh", na hata hiyo unaipata kwa bahati, kwa kuwa masikio yake ameyaziba kwa vile vidude vya kusikilizia muziki tangu alipovunja sauti na kuanza kuongea kama pipa tupu.

Sasa, niseme ukweli kuhusu adabu ya nyumba yetu. Nikirudi kazini na kusalimu, salamu yangu ilikuwa inafika ukutani na kurudi. Nikiuliza nani kaacha taa ya bafuni inawaka, Balozi anainua mabega. Nikimwambia Wakili asiongee na simu tukiwa mezani, anazungusha macho mpaka nahofia hayatarudi mahali pake. "Sawa, Baba, umeshinda," atasema, kwa sauti ile ambayo mtu hutumia kumtuliza mlevi.

Na mimi nilijibu vipi, Mpole mzima? Nilifoka. Nilikuwa na hotuba tatu. Ya kwanza ilianza na "mimi nilipokuwa umri wako", ya pili ilianza na "katika nyumba hii", na ya tatu haikuwa na mwanzo wala mwisho, ilikuwa kelele tu. Watoto walizijua zote. Siku moja nilisikia nyuma ya mlango Balozi akimwambia dada yake, "Leo ni namba mbili," naye akajibu, "Subiri, atahamia namba moja." Nikahamia kweli. Sikuweza kujizuia.

Mambo yaliharibika Jumapili moja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipokuja na familia yake. Tumeshakula, tumekaa sebuleni, nami nikaona ni wakati mwafaka wa kusimulia jinsi nilivyomfundisha jaji kuendesha gari, na jinsi jaji huyo alivyolipandisha gari langu juu ya tuta la maua. Ni hadithi nzuri. Nilikuwa nimefika pale jaji anaponiuliza kama tuta lile lina haki ya kuwa pale, ndipo Wakili akasema, bila hata kuinua uso kwenye simu:

"Baba, hiyo tumeisikia mara mia. Nyamaza kidogo basi, wageni wapumzike."

Watu wakacheka. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu, na yeye ndiye niliyekuwa namsimulia. Ningeweza kucheka nao yakaisha. Badala yake nilisimama. Nilimwita binti yangu mtoto asiye na haya. Nilimkumbusha ada, viatu, homa aliyougua akiwa na miaka sita na nikakesha naye, na kwa sababu zisizoeleweka nikamkumbusha pia baiskeli aliyoipoteza akiwa darasa la tano. Shemeji akaacha kucheka, akaanza kutafuta funguo zake. Wakili akainuka polepole, akasema, "Asante kwa kunitajia yote mbele ya watu," akaingia chumbani na kuubamiza mlango. Ukuta ulitikisika, picha yetu ya harusi ikainamia upande mmoja.

Nikatangaza mgomo. Nilisimama katikati ya sebule nikasema, "Kuanzia leo sina neno na mtu yeyote katika nyumba hii mpaka niombwe radhi." Nilitaka waonje maisha bila baba. Niliona kabisa jinsi watakavyokuja mmoja mmoja, macho chini, ifikapo Jumanne.

Jumanne hakuja mtu. Jumatano nilianza kutembea kwa vishindo ili angalau wajue kwamba nipo na sisemi. Alhamisi mke wangu aliniletea maji ya moto yenye asali. Alidhani koo linaniuma. Ijumaa nilipita nyuma ya Balozi akiongea na rafiki yake kwenye simu, kwa sentensi kamili, jambo ambalo sikujua kama analiweza. Alikuwa akisema, "Njoo tu kwetu, bwana. Siku hizi kuna amani sana. Sijui mzee kapata nini."

Jumamosi mgomo ulivunjika kwa sababu ya taulo. Nilikuwa bafuni, nimelowa, na taulo halipo. Niligonga ukuta, niligonga mlango, nilipiga mluzi. Mwisho nikaita, "Jamani, taulo!" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza baada ya siku sita. Mke wangu alilileta, akalipitisha mlangoni.

"Kumbe ulikuwa mgomo," alisema. "Mimi nilidhani umekua."

Jumatatu iliyofuata nilikuwa barabarani na mwanafunzi wangu, nesi wa makamo, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuwa kwenye somo la tisa na bado anaushika usukani kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke kitandani. Tulikuwa tunakaribia mzunguko mkubwa, mimi nikisema yale yangu ya kila siku, "Taratibu, mama, punguza gia, angalia kulia." Naye akaangalia kulia, nami nikaangalia kulia, na hapo nikaona gari la shule nyingine ya udereva, ile iliyo ng'ambo ya barabara tukitazamana. Mwalimu wao ni kijana wa miwani ya jua ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe, na ambaye hadi leo hajui kuegesha. Kwenye usukani alikaa binti yangu.

Alikuwa anacheka. Kijana wa miwani alikuwa anamweleza kitu kwa mikono, naye anaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa tabasamu, adabu tele.

"Mfuate!" nikasema.

"Nimfuate nani, mwalimu? Si uliniambia niangalie mbele tu?"

"Lile gari jeupe! Kata kulia! Kanyaga mafuta, mama, kanyaga!"

Nesi akakanyaga. Tukaingia kwenye mzunguko kwa gia ya tatu, tukaukosa mlango wa kutokea, tukazunguka mara ya pili, na mbele ya basi la wafanyakazi wa kiwanda gari likazimika. Honi zikaanza kila upande. Nami, mtu wa miaka ishirini na tatu bila kupaza sauti, nikapiga kelele: "Klachi! Klachi! Huna masikio? Mara ngapi nikwambie?"

Nesi hakukanyaga klachi. Alivuta breki ya mkono, akazima taa ya indiketa, akafungua mkanda, akanigeukia kama mtu aliyeko sebuleni kwake.

"Mwalimu," akasema, "mimi nafokewa na wagonjwa, na jamaa wa wagonjwa, na madaktari, tangu asubuhi. Huku kwako nakuja kupumzika. Ukianza na wewe, mimi nashuka hapa hapa, gari utalisukuma na wenye basi."

Dereva wa basi alikuwa ametoa kichwa dirishani akisema mambo kuhusu ukoo wangu. Nikaomba samahani, mara mbili, kwa nesi na kwa basi. Nesi akafunga mkanda, akawasha gari bila kosa hata moja, akatutoa. Tukaegesha mbele ya duka la rangi.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Binti yangu."

"Anajifunza kule? Na baba yake ni wewe?" Akazima gari. "Kwa nini?"

Nikamwambia watoto wa siku hizi hawana heshima. Nikamweleza ya Jumapili na ya mgomo, lakini taulo nikaliruka. Yeye akatoa pipi kwenye mkoba, akanipa moja.

"Wangu wa miaka kumi na minane aliniambia juzi kwamba nanuka dawa na namtia aibu nikija shuleni kwake," alisema.

"Ukamfanya nini?"

"Nililia kidogo bafuni. Kisha nikatoka nikamwambia, neno lile limeniumiza, sitaki kulisikia tena. Nikaendelea kumenya vitunguu, ili machozi yawe na sababu."

"Akaacha?"

"Bado. Ila sasa analisema kwa sauti ya chini, halafu ananitazama. Hiyo nayo ni hatua." Akawasha gari. "Lakini wewe mwalimu, ile sauti uliyonipigia pale kwenye mzunguko, ndiyo unayoitumia kwako?"

Nilimung'unya ile pipi mpaka ikaisha. Nesi alikuwa na heshima ya kutouliza tena.

Jioni hiyo nilimkuta Wakili mezani na ramani zake za shule, penseli sikioni. Njia nzima nilikuwa nimejiandalia maneno ya busara. Nilipofungua mdomo ikatoka hotuba namba mbili. "Katika nyumba hii," nikasema, "mtu anaweza kwenda kujifunza kwa maadui bila hata kuniambia?"

"Maadui?" akasema. "Baba, ni shule ya udereva."

"Na mimi ni nini? Mimi nauza samaki?"

Akaweka penseli chini. Nilitegemea azungushe macho. Hakuzungusha.

"Ulishanifundisha," alisema. "Umesahau? Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulinipeleka kwenye uwanja ule wa nyuma ya ghala. Tulikaa dakika kumi. Uliniita kichwa maji. Ulisema hata mbuzi angeshaelewa. Nikashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu, na wewe ukanipita na gari."

Nilitaka kuipinga kesi hiyo palepale, kwa sababu kwa kumbukumbu zangu siku ile Wakili alichoka, akasema hana hamu ya gari, akapenda kutembea. Nimewahi hata kuwaambia watu hivyo: binti yangu hapendi magari. Lakini alipotaja mbuzi, nilimkumbuka mbuzi. Nilikuwa nimejisifia mfano ule wa mbuzi kichwani njia nzima ya kurudi.

"Rafiki yangu mmoja alijifunza kwako mwaka jana," akaendelea. "Aligonga mti wa watu. Anasema ulimwambia hakuna neno, tuanze upya. Anasema hajawahi kukutana na mtu mpole kama wewe. Nilimwambia amekosea, huyo si baba yangu, atakuwa mwalimu mwingine."

Chumba cha mbele mashine ya kushonea ilikuwa imenyamaza. Mke wangu alikuwa anasikiliza, na hakujisumbua kuficha.

Neno samahani nalisema kazini mara ishirini kwa siku. Nimemwambia hata dereva wa basi aliyekuwa anamtukana bibi yangu. Lakini mbele ya mtoto wangu mwenyewe lilikataa kutoka. Nilikohoa. Nilirekebisha kiti. Niliangalia ramani yake nikauliza huu mstari wa buluu ni mto au bomba. "Bomba," akasema. Nikasema, "Ahaa." Kisha nikasema, haraka, kama mtu anayejitosa kwenye maji ya baridi, "Nisamehe kwa siku ile. Na kwa baiskeli. Baiskeli haikuwa na uhusiano wowote."

Akacheka kidogo, akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Lakini na mimi nina langu," nikasema, na nikashangaa kwamba sauti yangu ilikuwa ile ya kiti cha abiria. "Uliniambia ninyamaze mbele ya mjomba wako. Liliniumiza. Sitaki unikatishe hivyo mbele za watu. Kama hadithi zangu zinakuchosha, niambie tukiwa wawili."

"Zinanichosha."

"Zote?"

"Ya jaji hasa."

Hilo liliuma kuliko lile la kwanza, lakini nilikuwa nimeliomba mwenyewe. "Sawa," nikasema.

"Na ukiniita kichwa maji tena?" Wakili kwa kweli jina lake linamfaa.

"Ondoka. Usijibu, usibamize mlango, ondoka tu. Nikipoa nitakufuata mimi."

"Na nikikukatisha mimi?"

"Nitaondoka mimi, na utanifuata wewe."

Tukakubaliana. Mke wangu akarudi kwenye mashine yake, na nikasikia akiongea peke yake, "Miaka ishirini, jamani. Miaka ishirini."

Msije mkadhani nyumba iligeuka pepo. Kwa wiki mbili zilizofuata niliondoka mezani mara nne, na mara mbili kati ya hizo hakuna aliyenifuata, nikakaa uani nikijifanya nakagua tairi. Wakili aliondoka mara tatu. Mara moja tuliondoka wote wawili kwa wakati mmoja, tukagongana mlangoni.

Kisha akaenda kufanya mtihani wa udereva, chini ya kijana wa miwani, akafeli kurudi nyuma kwenye kona. Alirudi nyumbani na uso umevimba, akanikuta barazani.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na maneno kuhusu walimu wasiojua kuegesha ambayo yangetosha kujaza gazeti. Niliyameza moja moja, nikayasikia yakishuka. Nikamsogezea kiti. Akakaa, akauliza, akiangalia viatu vyake, "Ile kona ya kurudi nyuma, wewe unaifundishaje?"

Jumamosi tukaenda uwanja ule ule wa nyuma ya ghala. Nilimwomba mke wangu anifanyie dua, akasema atamfanyia binti. Nusu saa ya kwanza nilikuwa Mpole kamili, yule wa dukani. Nusu saa ya pili alipanda tuta mara tatu mfululizo, mara ya nne akalipanda kwa tairi mbili, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Wewe mtoto, hivi una macho ya..." Sikuwahi kulimaliza. Wakili alizima gari, akatoa funguo, akashuka, akaanza kutembea. Hakubamiza mlango. Mkataba ni mkataba.

Nilibaki ndani ya gari lisilo na funguo, nimekaa kiti cha abiria, na breki yangu ya pembeni haina cha kuzuia. Walinzi wawili wa ghala waliokuwa wananitazama wakanipungia mikono. Nilihesabu pumzi kumi, nikashuka, nikamkimbilia. Ana miguu mirefu, aliitoa kwa mama yake. Nilimfikia karibu na geti, nimeinama, nashika magoti, siwezi kusema neno hata la kuomba radhi.

"Pumua kwanza, Baba," akasema. Kisha, baada ya kunisubiri, "Hakuna neno. Tuanze upya."

Nilimtazama nione kama ananikejeli. Alikuwa ananikejeli, lakini kidogo tu. Tukarudi kwenye gari, akaurudisha mkia wa gari kwenye kona ile mara tano bila kugusa kitu, mimi nikiwa nimebana midomo kwa vidole viwili.

Mtihani wa pili alifaulu. Kijana wa miwani anamsimulia kila mtu kuwa ni mwanafunzi wake, nami namwacha, ingawa naumia. Nesi naye alipata leseni mwezi mmoja kabla. Siku ya kuichukua alinijia na mwanawe yule wa miaka kumi na minane, kijana mrefu aliyenipa mkono bila kuniangalia usoni. Mama yake akamkanyaga mguu, naye kijana akaniangalia.

Safari ya kwanza ya Wakili kama dereva ilikuwa ya kumpeleka mama yake kwa mteja. Nilijiandaa. Nilivaa shati lililopigwa pasi, nikatoka nje, nikawakuta wameshafungasha.

"Pananitosha na mimi?" nikauliza.

Wakili akaangalia nyuma ya gari, akaniangalia mimi. "Mapazia yamejaa, Baba. Na wewe unaongea."

Mke wangu aligeuza uso upande wa dirisha, mabega yakimtikisika. Nilisimama pale nikijiuliza kama hilo ni kosa la adabu au ni mzaha, kama tulikuwa wawili au mama yake anahesabika kuwa watu, na kama ni zamu yangu kuondoka au yake. Nilipokuwa bado napima, waliondoka. Indiketa aliiwasha mapema, kioo cha pembeni alikiangalia, gia ya pili iliingia laini. Nikaingia ndani kumwamsha Balozi, ambaye zamu yake ya kuosha vyombo ilikuwa tangu jana.

"Mmh," akasema.

Nikavuta pumzi, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikaanza upya.